Kibodi ya Chaki

Kila Jumanne, saa nne asubuhi, mwalimu wa kompyuta alichora kibodi ubaoni kwa chaki nyeupe, na darasa la saba likapanga foleni kuibonyeza. Kompyuta halisi, arobaini nzima, zilikuwa stoo mwaka wa tatu sasa, ndani ya nailoni zilizokuja nazo. Ufunguo aliuvaa mwalimu mkuu shingoni. Mara moja kwa muhula aliwapeleka wanafunzi dirishani wazile kwa macho, kisha akawarudisha darasani.

Jumanne moja mtoto wa fundi cherehani, msichana mwenye haraka ya kila kitu, alibonyeza herufi M, na M ikatokea juu ya ubao. Akaendelea mpaka akamaliza majina mawili ya mama yake.

"Hukuacha nafasi katikati," mwalimu alisema. "Futa, anza upya."

Akabonyeza pa kufutia, maneno yakafutika. Wenzake nyuma walinung'unika kwamba anachelewesha foleni.

Mtihani wa vitendo ulikuwa umebakiza wiki tatu, na asiyefaulu hapati nafasi ya sekondari. Kwao hakuna aliyewahi kufika huko. Kufikia wiki ya pili mtoto yule alikuwa anaandika ukurasa mzima bila kutazama vidole, mikono myeupe mpaka viwikoni.

Mwalimu mkuu alikuja, akatazama, akaridhika. Halafu akaita watu wanne wenye bisibisi, wakaung'oa ubao, wakaupeleka stoo na kuufunga nailoni.

Fundi cherehani alifika kabla ya mchana, pini bado zimechomekwa kwenye kola.

"Mwalimu mkuu, mwanangu atajifunzia wapi?"

"Mama, kifaa kama kile kikishikwashikwa kinaharibika."

"Na mtoto je? Yeye haharibiki?"

Mwalimu mkuu alimjibu kwamba barua yake itafikishwa kwenye kamati. Mama hakuwa ameandika barua yoyote.

Siku ya mtihani kompyuta zilitolewa zikapangwa mezani, na nailoni zake. Haikuwaka hata moja. Zilikuwa zimekufa kwa kulala. Wasimamizi waliwakalisha watoto mbele ya vioo vyeusi saa nzima, kisha wakaandika kwamba vifaa ni vipya kabisa ila wanafunzi hawajui kuvitumia. Darasa zima lilipata sifuri. Mwalimu mkuu alipata cheti cha utunzaji bora, akakabidhiwa mbele ya wazazi. Ilikuwa dhuluma ya mchana kweupe, na ilipigiwa makofi.

Mtoto wa fundi sasa yuko nyumbani, anashona vifungo.

Jumanne iliyofuata mwalimu wa kompyuta alichora kibodi ukutani kwa ajili ya darasa la sita, na kufikia saa nne na nusu ukuta ulikuwa unaandika. Alhamisi mwalimu mkuu alikuja na fundi mwashi. Wakaupima ukuta kwa futi, urefu na kimo, waone kama utapita kwenye mlango wa stoo.