Tonge la Mama Kambere

Mutoto wangu Kaswera alikuwa amerudi kutoka Kigali na tumbo lililokatwa na kushonwa, na katika parsele yetu, kiwanja chetu cha Mapendo, hakuna mutu aliyejua isipokuwa mimi. Bwana yake, Kambere, alijua pia, lakini yeye yuko Butembo, ng'ambo ya vita, tunamusikia kwa simu tu. Wengine wote waliambiwa kwamba Kaswera alikwenda kutafuta bidhaa za duka lake la Birere.

Ni yeye alitaka siri. Mwanamuke wa Birere akiwa munene, watu wanasema bwana anamutunza, biashara inatembea. Wateja walimuita Mama Kilo, naye alicheka nao. Mimi sikucheka. Niliona miguu yake inavyovimba jioni, niliona kidonda cha kisigino kinachokataa kupona. Marehemu baba yake, sukari ilimutoa kidole, halafu muguu, halafu ikamumaliza. Na tangu barabara zifungwe, sindano za sukari zilipotea katika muji. Unazunguka farmasi zote unarudi na mikono mitupu. Daktari wa Kigali ndiye alimuambia kwamba wakitoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, uzito utashuka, na sukari yenyewe inaweza kutulia.

"Mama, nikibaki hivi nitakufa kama marehemu papa," Kaswera aliniambia.

Nilisali, nikakubali.

Siku nilipokwenda kumuchukua Kigali, daktari aliniita mimi kando. Alisema Kaswera anywe vitu vya maji tu, supu iliyochujwa, maziwa, kijiko kwa kijiko. "Mahali tulishona bado ni pabichi, mama. Akipata homa, moyo ukimupiga mbio, maumivu yakipanda mpaka bega la kushoto, musingojee. Mumurudishe."

Nilichuja supu kwa kitambaa. Nilifanya kila kitu alivyosema. Halafu, Jumapili kisha misa, mama mukwe wake akaingia.

Mama Kambere alibeba sahani zilizofungwa katika kitenge: bugali ya muhogo, sombe ya majani yake, samaki. Aliita tangu mulangoni. "Mama Kaswera, jambo! Nasikia mukwe wangu amerudi. Eti amekonda! Kule Kigali banakula mawe?"

Akakaa karibu na kitanda, akanawa mikono, akakata tonge, akalichovya katika sombe, akamunyooshea Kaswera.

"Amekula sasa hivi," nikasema. "Amechoka na njia."

"Amechoka na njia, ao amechoka na mukono yangu?"

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Hapa kwetu watu wanaogopa karuho, ile sumu ambayo mutu anakutilia katika chakula, unakauka polepole mpaka unakufa. Ukikataa tonge ambalo mutu amekukatia kwa mukono wake, umemuambia kwamba yeye ni mulozi. Na Charline, mupangaji wa nyumba ya mbele, alikuwa anafua nje, na mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya maji.

Kaswera alinitazama. Nilimutikisia kichwa: hapana. Akageuza macho, akafungua kinywa, akapokea. Akapokea na la pili, na kipande cha samaki. Mama Kambere akapiga makofi. "Hiyo ndiyo mukwe wangu!"

Kesho yake, Kaswera alilala amejikunja. Kisha akaanza kutapika. Charline aliniona ninatoka na beseni, akauliza, sikumujibu. Hilo kwake lilikuwa jibu. Kufika saa za azuhuri, jua likiwa kali, mutoto alikuwa anachoma kama jiwe la moto, na mukono wake wa kuume umeshika bega la kushoto.

Nikapigia daktari simu. "Mulete sasa," akasema. "Nitatuma ambulansi ya kuwapokea bariere, pale mupakani."

Nikatoka kutafuta usafiri. Motari wa kwanza alichungulia ndani, akamuona Kaswera, akasema pikipiki yake haiwezi kumubeba mutu aliyelala. Wa pili hakushuka hata. Niliporudi, parsele ilikuwa imejaa watu. Mama Kambere alikuwa amesimama katikati, kitambaa cha kichwa kimelegea, na pembeni yake Papa Ferdinand, munganga anayejulikana kwa kutoa karuho. Anakunywesha majani machungu, unatapika mpaka kitu kitoke.

"Banasema ni mimi!" Mama Kambere alilia aliponiona. "Mama Kaswera, batu banasema ni mimi nimemuwekea! Basi nimemuleta muzee. Amutapishe hapa, mbele ya kila mutu. Sumu itoke, baone kama ni yangu!"

"Amutapishe," sauti zikasema nyuma.

Papa Ferdinand alikuwa tayari na kikombe. Kitu cha kijani, kizito. Niliingia mbele yake, nikasimama kati yake na kitanda.

"Toka, mama, mutoto anakufa."

"Akinywa hiyo ndiyo atakufa. Hapaswi kutapika."

"Wewe ni munganga?"

Kaswera aliita nyuma yangu, pole pole, "Mama, nyamaza." Nilikuwa nimemuapia kwa rozari yangu kwamba sitasema. Niligeuka, nikaona midomo yake imekuwa na rangi ya majivu, na nikamuomba Bikira Maria anisamehe hapo hapo.

"Ameshonwa ndani," nikasema. "Kigali walimukata tumbo la chakula, wakaacha kidogo tu, kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Hapaswi kula bugali. Alikula kwa sababu aliogopa kukukosea, Mama Kambere. Hakuna karuho. Nyuzi ndizo zimeachia."

Mama Kambere alinitazama kana kwamba nimemupiga.

"Mutoto yangu alijua?"

"Alijua."

"Kambere alijua, na mimi bananiacha nimulishe."

Alichukua kikombe kutoka mukono wa Papa Ferdinand, akakimwaga mulangoni, juu ya mawe meusi. "Gari yako iko wapi, muzee?"

"Mama, mimi niko munganga, siko shofere."

"Leo uko shofere."

Tulimubeba kwa blanketi, wanawake sita, na Charline pia alishika pembe moja. Ndani ya gari, kichwa cha Kaswera kilikuwa juu ya mapaja yangu, miguu juu ya mapaja ya mama mukwe wake. Birere ilijaa pikipiki na mizigo. Mama Kambere alitoa nusu ya mwili dirishani, akatukana kila mutu aliyesimama mbele yetu, na wengine akawatukana na mama zao. Mimi nilisali, lakini macho yangu hayakutoka kwenye kucha za Kaswera, ambazo zilikuwa zinabadilika.

Siku hizi bariere inafungwa mapema. Tulipofika, agenti alikuwa anashusha muti wa bariere. Alisema turudi kesho asubuhi. Mama Kambere alishuka na kupiga magoti katika vumbi, yeye ambaye hata kanisani anasema magoti yanamuuma.

"Mwanangu, mimi ndiye nilimulisha. Ukifunga, unanifungia pamoja na maiti."

Agenti alimutazama, akatazama ndani ya gari. Muti ukapanda. Mama Kambere hakuwa na karatasi ya kuvuka, akabaki pale pale.

Walimufungua tena Kaswera siku ile ile. Daktari alitoka na kofia mukononi. Walikuta tundu, wakasafisha, wakaweka mupira wa kutoa uchafu. "Sasa tunangoja," akasema.

"Ni bugali?"

"Inaweza kuwa bugali. Labda pangetoboka hata bila bugali, kwa wengine inatokea. Sitakudanganya, mama."

Asubuhi simu ililia. Nyuma ya sauti ya Mama Kambere nilisikia kelele za watu.

"Mama Kaswera, bako hapa mulangoni kwangu, hawa vijana. Banasema akikufa, banachoma nyumba. Ubaambie!"

Niliwaambia. Nilirudia mara mbili, kwa sauti, mpaka infirmiere, muuguzi wa zamu, akanikemea. Kijana mumoja akasema, "Wewe ni mama yake, unaficha haya. Nani anaweza kukubali bamukate tumbo bure?"

Kaswera alikuwa na mupira puani na macho nusu. Aliinua vidole. Nikamuwekea simu kinywani.

"Ni mimi, Mama Kilo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, hewa tupu. "Hapana sumu. Nilikatwa tumbo. Nilitaka mwenyewe, juu ya sukari. Bugali nilikula mwenyewe. Mumuache mama."

Sauti ya Charline ikatoka kati yao: "Kaswera! Sasa utakuwa unakula nini?"

Mutu mumoja akacheka, na mwingine, na nikasikia miguu inaondoka.

Mukono wa Kaswera ulianguka juu ya shuka. Infirmiere alikuja, akamugusa paji, akatazama mashine, akafungua zaidi serumu ya mushipani. Homa ilikuwa bado.

"Mama Kaswera?" Mama Kambere alikuwa angali kwenye simu. "Anapumua?"

Nilitazama kifua. Kilipanda. Nikangoja kishuke, kipande tena.

"Anapumua."

"Usizime simu."

Sikuizima. Niliiweka juu ya muto, karibu na pua yake, ili naye asikie.