Asali Iliyonuka Sanduku

Mstari ulikuwa umelala vizuri, tambarare, halafu ghafla ukasimama wima kama mtu aliyekalia mwiba. Landy Tzuc, binti mpimaji wa maabara ya asali, akafuta miwani, akasogea karibu na kompyuta, akautazama tena. Bado umesimama. Naftalini! Vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, ndani ya asali ya watu.

"Nimekwisha mimi," akasema.

Wala hakuwa anatia chumvi. Asali hiyo, iliyokuja katika vindoo viwili vya plastiki, ilitoka kijiji cha Xkopchel, kwenye ushirika wa wafuga nyuki ambao mwenyekiti wake ni don, yaani bwana, Eligio Poot. Na don Eligio ndiye baba yake Wilberth, na Wilberth ndiye kijana ambaye Jumapili ya wiki hiyo hiyo wazazi wake walikuwa waje mjini Mérida kumposa Landy. Mapipa ya kijiji kizima yalikuwa yanangoja jibu la maabara ndipo mnunuzi ayapakie. Jibu likiwa baya, yanabaki. Halafu don Eligio, ambaye humtukana hadharani kila mfugaji anayehifadhi masega kwa naftalini, ataonekana mnafiki mbele ya kijiji chake. Na wa kumvua nguo awe nani? Mkwe wake!

Akapima upya. Kwa nyie ambao hamjawahi kuingia maabara: asali hutiwa kwenye kichupa, hufungwa, hupashwa moto kidogo, kisha sindano hufyonza hewa iliyokaa juu yake na kuipeleka kwenye mashine. Mashine hutenganisha kila harufu na kuipima, hata ile ambayo pua ya mbwa haiipati. Landy akapitisha kwanza kichupa kitupu, asije akaisingizia asali uchafu wa mashine. Mstari ukalala. Akapitisha asali. Ukasimama pale pale.

Doña Gelmy, mkuu wa maabara, akaingia na kicheko chake kinachotangulia mwili.

"Mbona umenuna hivyo? Wilberth kakukimbia?"

"Ni asali ya baba yake, doña Gelmy. Ina naftalini."

Kicheko kikakatika, lakini si kwa muda mrefu. "Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Ukifuata mkwe je, unakula nini?"

"Usinichekeshe, nitalia."

"Lia, lakini mbali na sindano. Kuanzia sasa kipimo hiki ni changu. Mashine haina mkwe wala shemeji; wewe unao. Mpigie mzee aje kesho, tufungue kindoo cha pili mbele ya macho yake, kama sheria inavyotaka. Na habari umwambie wewe."

"Mimi tena?"

"Ulitaka aisikie kwa nani, kwa muuza magazeti?"

Kesho yake don Eligio akaingia ukumbini kifua mbele, amevaa shati lake jeupe la mikunjo ya kifuani, lile la harusi na mazishi.

"Mkwe! Umeshindwa kungoja Jumapili, eh?"

"Karibu, baba. Habari za safari?" Landy aliona akizunguka hata kidogo atashindwa. "Baba, asali yenu imeonyesha naftalini. Tumepima mara mbili."

"Naftalini? Mimi? Mimi niliyemfukuza binamu yangu ushirikani kwa kidonge kimoja?" Sauti ikapanda hadi mlinzi akachungulia. "Hiyo mashine yenu imelewa!"

"Haijalewa. Na ikibaki hivyo, jibu litaandikwa hivyo."

"Na wewe utakubali?"

"Nitakubali, baba."

Sauti ilimtetemeka, ila macho hakuyashusha. Don Eligio akamsogelea, uso kwa uso, apate kumwona vizuri huyu binti asiye na haya. Na hapo Landy akapiga chafya. Lo! Harufu ile ya vidonge vya nondo! Sanduku la bibi, lote, limesimama mbele yake na masharubu.

"Baba, hili shati linakaa wapi?"

"Swali gani hilo? Linakaa sandukuni kwa Mama Wilberth, na nguo zote za heshima."

"Na vile vindoo, mlivileta ndani ya nini?"

"Ndani ya kitambaa chake cha kutarizi, kile cha meza ya sikukuu! Ulitaka asali ije mjini imevaa gazeti? Nyuki ni mabibi, mwanangu. Mimi hata mzingani siendi na nguo chafu. Nilivifunga vizuri, nikavipakata kwenye basi na jua lote lile, nikavikabidhi hapo mlangoni, nikakirudisha kitambaa nyumbani kabla mwenyewe hajapiga kelele."

Landy akacheka mpaka akaushika ukuta. Mzee hakuona cha kuchekesha.

Naye doña Gelmy, alipoelezwa kwamba huenda harufu ya vidonge vya sandukuni ilihamia kitambaani, ikapenya plastiki hadi kwenye asali, akainua kidole. "Kicheko si kipimo. Kindoo cha pili nacho kilifungwa kitambaa hicho hicho, hakitufai tena. Nakwenda Xkopchel mwenyewe na chupa za kioo, nichote pipani. Na wewe mzee, vua shati."

"Nivue nini?"

"Shati. Tunatia asali safi kwenye kindoo kama vyenu, tunaifunga kwa shati lako, inalala nalo hapa. Kama mwizi ni shati, litajitaja lenyewe."

Jamani, kubaki na fulana mbele ya mkwe! Landy akageuka ukutani haraka, akamnyooshea kwa nyuma koti jeupe la maabara. Don Eligio akalifunga vifungo hadi shingoni, akapanda nalo basi kurudi kwao. Njiani, inasemekana, mama mmoja alimwomba dawa ya kikohozi, naye akamwandikia asali.

Ijumaa majibu yakatoka. Asali ya pipani: mstari umelala kutoka mwanzo hadi mwisho, usingizi wa mtoto aliyeshiba. Asali iliyolala na shati: ukasimama wima.

"Shati limekiri!" doña Gelmy akapiga meza. Landy alimkumbatia yeye, akamkumbatia mlinzi, nusura aikumbatie na mashine. Jioni hiyo mapipa ya Xkopchel yakapakiwa.

Jumapili wageni wakafika nyumbani kwa akina Tzuc na mikate, chokoleti ya kukoroga na bata mzinga. Mbele yao alikuwa don Eligio, ndani ya koti la maabara lililopigwa pasi likanyooka. Mikononi alishika chupa ya kioo ya asali, haina kitambaa wala utepe, ameinyoosha mbali na mwili kama mtu aliyebeba mtoto asiye na nepi.

"Nimemwambia avae shati la Wilberth, hasikii!" Mama Wilberth akalalamika.

"Langu wamelifunga jela. Ndilo lililosema kweli, na koti hili ndilo mdogo wake."

Kwa desturi, baba humsifu mwanawe. Don Eligio akakohoa.

"Nilikuwa na maneno mazuri juu ya Wilberth. Nimeyaacha nyumbani. Huyu binti alinitazama machoni akaniambia ataiangusha asali yangu, huku anatetemeka. Miaka yote hii kule kwetu watu wananiitikia tu, ndiyo mzee, ndiyo mzee. Hakuna anayenipima. Namtaka nyumbani kwangu. Wilberth naye anamtaka, ila yeye apange foleni."

Watu wakacheka. Baba yake Landy akamgeukia bintiye: "Binti, unasemaje?"

Landy akaipokea chupa, akaifungua, akatia pua ndani. Mama Wilberth akashika kifua. Landy akachovya kidole, akaonja taratibu, kazi ni kazi.

"Humu hamna kitu," akasema, "ila asali."

"Sasa hiyo ni ndiyo au siyo?" Wilberth akauliza.

"Ni ndiyo, wewe! Kamletee baba yako shati, koti lirudi maabara."