Aliyefungwa Ndiye Arudi

Kwenye baraza ya kina Jamaldin, Mji wa Kale, sheria ya bao ilijulikana na kila mtu. Akufungaye akucheke mpaka aridhike, na wewe uliyefungwa umeze mate, uondoke na aibu yako. Kesho baada ya sala ya alasiri urudi mwenyewe, useme, "Nimekuja kujikomboa." Mshindi hamfuati mshinde. Akimfuata, ati ni dharau kupita hicho kicheko, ni kama kumwambia mwenzio hana miguu.

Kwa sheria hiyo Jamaldin, fundi wa kanzu, na Aidarus, aliyestaafu kazi ya kupima mizigo bandarini Mbaraki, walichekana tangu ndevu zao zikiwa nyeusi. Maneno waliyotupiana hapo, wallahi, yangevunja ndoa za mtaa mzima. Wao wakinywa kahawa, wakaagana vizuri.

Mpaka Swafia, mke wa Aidarus, alipofariki.

Aidarus alirudi barazani baada ya hitima, lakini moyo hakuja nao. Huchota komwe, zile kete za bao, akazitia shimo moja moja, mara mkono ukasimama hewani hajui aende wapi. Watu wakiona, wakijitia kutazama pengine. Jamaldin naye aliona, na roho ikimuuma. Akadhani dawa ya rafiki yake ni kuchezwa naye kama zamani, bila huruma, na kuchekwa kama zamani. Hapo ndipo alipokosea, maskini wa Mungu.

Alasiri moja alimfunga Aidarus komwe zingali mkononi, hata hazijaisha kuingia baoni. Hiyo ni aibu ya mtoto anayejifunza. Baraza ikalipuka kwa kelele. Jamaldin akasimama, akashika kiuno.

"Kumbe bao lilikuwa la Swafia! Wewe ulikuwa mkono tu, fundi mwenyewe tumekwisha mzika!"

Watu wakacheka wakashika mbavu. Aidarus akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi, akaivaa, akashika njia ya kwao.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa pia. Kila alasiri Jamaldin alipanga komwe, akaketi, akakataa kucheza na mtu mwingine.

"Atakuja," akisema. "Aliyefungwa ndiye arudi."

Mkewe, Mwanatumu, alimshukia. "Lo! Wewe mwanamume huna haya? Umemtaja maiti wa watu barazani, kisha wangoja akufuate yeye? Nenda ukamtake radhi!"

"Nikienda nitamdhalilisha. Wewe mambo ya bao huyajui."

"Bao silijui, watu nawajua. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, Jamaldin."

Alijua mkewe asema kweli. Kitambaa cha kanzu kilimpotea mkasini, akakata mikono miwili ya kushoto. Siku moja alifika hadi pembeni mwa nyumba ya Aidarus, akageuka, akijiambia, ah, kesho bwana atakuja mwenyewe. Ukaidi gani huu jamani? Nyumba yenyewe ni hapo tu, ukipiga chafya kwako unaombewa dua kwake!

Habari aliipata msikitini: Aidarus ameanguka. Kiharusi. Upande mmoja umekufa na ulimi haugeuki. Hapo sheria Jamaldin akaitupa. Akatia bao begani na mfuko wa komwe mkononi, akaenda akipigana vikumbo na watu ujiani, akabisha hodi. Nabiha, binti wa Aidarus, akamfungulia.

"Shikamoo, ami. Karibu." Macho yalikuwa yamemvimba. "Umechelewa, ami. Baba kila alasiri alikuwa akivaa kanzu, akaketi hapa mlangoni. Nikimwuliza amngoja nani, aniambia, 'Leo atapita.'"

Jamaldin akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Aidarus, ndugu yangu, ni mimi. Nimekukosea. Nisamehe, tafadhali."

Akaliweka bao, akapanga komwe. Akaushika ule mkono mzima wa mgonjwa, akamtilia komwe kiganjani. Aidarus akazitazama. Akafungua vidole, zikamwagika sakafuni. Kisha akaugeuzia uso ukutani.

Ilikuwa hasira? Uchovu? Au hakumjua? Jamaldin aliketi akikitazama kile kisogo hadi adhana ya magharibi, na kisogo hakikumwambia kitu. Alirudi tena na tena, akamkuta mgonjwa amefumba macho. Ijumaa Aidarus akafariki.

Msikitini, walipokwisha kumsalia, imamu aliwageukia watu. "Ndugu zangu, marehemu ameishi nanyi. Yeyote aliyekosewa naye, amsamehe."

"Tumemsamehe!" msikiti mzima ukaitikia.

Jamaldin akajiuliza: Amsamehe nini? Mtu huyu hakumkosea hata siku moja. Alitaka kumpigia imamu kelele: na sisi tuliomkosea yeye, tumwombe nani? Lakini jeneza lilikwisha inuliwa, watu wanagombea thawabu ya kulibeba, na Jamaldin akasukumwa hadi ukutani. Alinyoosha mkono. Jeneza halikupita karibu naye hata aliguse.