Fatiha kwa Sati Dahab

...na mikono yangu iko juu, viganja vimetazama mbinguni, nimetamka Alfatiha kwa sauti ambayo hata mbuzi waliolala nyuma ya turubai wameisikia, na Khojali hajainuka, amekaa pale pale juu ya kitanda cha kamba, glasi ya chai mkononi, mtoto wa marehemu, mfiwa mkubwa, na kwetu mfiwa akijiwa na Fatiha huinuka hata kama mguu umevunjika, huinua mikono naye, mkasoma pamoja, mkashikana, mkalia, basi, hata adui huinukiwa, na huyu anakoroga sukari... nianze mwenyewe, labda anangoja nianze, Bismillahi Rahmani Rahimi, Alhamdulillahi... anakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka zamani. "Ndiye huyo mheshimiwa?" mwanamke mmoja anauliza nyuma ya pazia la magunia, na Bi Batul anamjibu, namjua hata kwa kikohozi chake, alitufinya sana masikio utotoni mimi na marehemu, "Ndiye. Gari kaliacha kule barabarani, kaja kwa miguu, eti tumwone mnyonge." "Mbona kimya leo? Si ndiye bingwa wa maneno?" "Mwache, anatutazama nyuso atutie kitabuni." Wanacheka, kicheko cha msibani, kimezibwa na ncha ya mtandio, na mimi, Mola nisamehe, nilitaka kucheka nao, nimefika wapi, Mwenye kumiliki siku ya malipo, hapo nisipite mbio... Sati, ndugu yangu wa kunyonya, mama yako alinipa ziwa moja wakati wangu alipokufa, na lingine likawa lako, hukujua kusoma, Khojali huyu huyu akiwa mdogo ndiye aliyekusomea riwaya yangu kila baada ya Alasiri, ukaishika yote moyoni kama msahafu, astaghfirullah, si kama msahafu, lakini uliishika, ukawa unawatajia watu mitende yetu kama nilivyoitaja mimi, ule wa bibi uliouinamia mto, ule wa ndugu watatu wasiosemezana, mmoja mwenye ardhi, mmoja mwenye mche, mmoja mwenye maji, na kila mavuno lazima wakutane chini yake wagawane tende wakitazama pembeni... kitabu kile kilinitoa posta, karani niliyeishia shule ya kati, kikanikalisha wizarani, kwani bwawa lilipotaka kujengwa walimtaka nani awaambie watu wa mtoni wahame, mhandisi? Walinitaka mimi. Na mimi nilifurahi, Sati, nilipiga pasi kanzu mwenyewe. Nikasimama uwanjani pa shule nikasema mtende ni kama ngamia, ukijua kuushika hatamu huhama na wenyewe, nikasema tutachukua machipukizi, mtakula tende za mitende yenu ile ile katika ardhi mpya, na wewe ukalia, ukasimama mbele ya watu wote, "Anayeijua mitende yetu kwa majina hawezi kutudanganya," wakakubali, wazee wazima, wakakubali kwa sababu yako na wewe kwa sababu ya kitabu... na jana yake nilikuwa hapa, katika ardhi hiyo mpya, hapa penye turubai, nilichota udongo nikautia ulimini, chumvi, chumvi tupu, nikatema, nikasukutua kwa chai ya dereva, kisha nikaja kwenu na ulimi ule ule. "Inuka, Khojali, mtu kasimama," mzee mmoja mkekani anamnong'oneza, na Khojali bila kupandisha sauti, "Miguu yangu imekula chumvi, mjomba, kama kila kitu huku. Mwache asimame. Si alisema hapa kila kilichopandwa kitasimama?" Mtu anaguna. Mwingine anasema hayo yamepita, leo ni siku ya baba yako. Kijiko kinazunguka. Nyuma yake nakiona kisiki, chipukizi ulilolihamisha, limekauka urefu wa magoti, na wanasema ulitawadha juu yake sala zote, miaka yote hiyo, maji ya udhu yana baraka, ulisema, huenda likakumbuka kuwa ni mtende... na ona moyo huu ulivyo mchafu, maneno hayo nimeshayapenda, nimeshayaweka mahali pake, Fatiha mdomoni na ndani naandika, nimeanza na glasi, na kijiko, na magunia, na mwisho wake ninao pia, Khojali anaweka glasi chini, anainuka, "Ami," ananiambia, ananishika mabegani, kisiki nyuma yetu, wasomaji wanalia huko Khartoum... mwisho mzuri, mzuri kama ngamia yule wa uwanjani. Tuongoze njia iliyonyooka. Tuongoze njia... narudi, inakwama, nilikuja hapa nikitaka jambo moja tu, mtoto wa ndugu yangu aniinukie, barabara nzima nilikuwa namwomba Mungu hilo, na sasa naogopa asije akalikubali, maana akiinuka nitaamini, nitarudi nyumbani nimesamehewa, nitalala, nitaandika, na watu wataniamini tena... si ya waliokasirikiwa, wala waliopotea, na Amini iko kooni inangoja wa kuiitikia, mikono imekufa ganzi, sitaishusha, na wewe, mwanangu, usiinuke, nakuomba, usiinuke, koroga chai yako.