Nafasi Pembeni mwa Solofo

Ukungu ulikuwa bado umeyalalia mashamba ya mpunga asubuhi ile ya Jumapili, Mchungaji Voahirana alipofunga mlango wa nyumba aliyopewa na kanisa kwa mara ya mwisho. Ukungu mweupe, mzito, umetulia juu ya maji. Alitamani kujilaza humo, asiitwe, asiombwe.

Alikuwa amechoka. Ilichoka miguu iliyopanda kila kilima cha nchi hii ya Wabetsileo kwenda kuzika. Ilichoka sauti. Ulichoka hata mkono wa kubariki. Sinodi ilikuwa imemhamishia Toamasina, pwani, kwenye joto na watu asiowajua, na alipoambiwa hakulia. Alikaa tu, kama mtu aliyetua mzigo akakuta mabega bado yanauma.

Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Wanawake na shuka zao nyeupe mabegani, wanaume na kofia za ukindu magotini, watoto aliowabatiza mwaka huu wamepakatwa na watoto aliowabatiza zamani. Aliwaambia asanteni. Aliwaambia nisameheni. Neno la tatu, kwaherini, hakulimaliza, akaketi. Basi wakaanza kuimba wao, wakaimba, wakaimba, mpaka akaweza kusimama.

Lakini lipo alilolinyamazia. Solofo, mumewe, alifia hapa. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya kwenda kwao, na ukoo wa Bibi Bakoly, mzee wa kanisa, ukamlaza katika kaburi lao la mawe lililojengwa kama chumba, mgeni miongoni mwa wazee wao. Sasa mkewe anaondoka. Achukue mifupa yake aende nayo? Ni kuwarudishia wenyeji ukarimu wao usoni. Amwache? Ni kumtupa. Swali hilo lilikula naye, likalala naye, likaamka kabla yake.

Alikuwa amechoka, na bado hakuwa amelijibu.

Baada ya ibada walikaa mkekani wakinywa maji ya moto yaliyochemshwa na ukoko wa wali. Bibi Bakoly, aliyebishana naye juu ya kila kitu, kuanzia rangi ya mapazia hadi urefu wa mahubiri, akamsogelea.

"Mchungaji, leo umehubiri kifupi. Kipaji hicho ulituficha miaka yote?"

Wanawake wakacheka. Voahirana naye akacheka, kicheko chembamba.

"Bibi, kuhusu Solofo..."

"Solofo haendi popote. Joto la pwani hatalipenda. Njoo."

Wakapanda polepole, wawili tu, hadi kaburini. Bibi Bakoly akaweka kiganja juu ya ukuta.

"Humu ndani, kitanda cha jiwe alicholalia mumeo ni kipana. Mwaka jana ndugu zangu walitaka kumlaza baba yetu mdogo pembeni yake. Nikakataa." Akavuta pumzi. "Hapo ni pako. Nenda kafanye kazi, mwanangu. Ukichoka kabisa, tutakuja kukuchukua."

Voahirana akapiga magoti, akaegemeza paji la uso kwenye jiwe, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, bila haya, kama wale aliowafariji miaka yote.

Chini barabarani, gari la kumpeleka pwani likapiga honi. Likapiga tena.

"Litasubiri," akasema Bibi Bakoly, akaketi chini kando yake.