Gogo la Bwana Asilia

Mama alilazwa wiki tatu, anaharisha damu, na dawa nne za kuua bakteria hazikumsaidia kitu. Alikuwa amekula kuku wa Bwana Asilia, muuza nyama wa mtaani. Tunamwita hivyo kwa sababu ya bango lake: KUKU ASILIA, HAWAJALISHWA DAWA. Nilipoenda kumuuliza alinicheka mbele ya wateja.

"Kijana, labda ni mikono yenu michafu."

Nikaapa huyu mzee nitamfunga mdomo.

Shule nilishamaliza, nipo nipo tu. Maabara moja ikatangaza inataka watu wa kununua nyama madukani ikapimwe bakteria. Nikajipeleka mbio, nikaomba mtaa wetu. Masharti: chukua unachopewa, usibishane.

Bwana Asilia alipoona sanduku langu la barafu lenye jina la maabara, rangi ikamtoka.

"Mwanangu! Hao wa kwenye kioo waache. Ngoja nikupe wa maana."

Akatoa mmoja kwenye friji ya nyuma, msafi, wa kumlisha bosi. Huyo akipimwa, mimi ndiye mzushi.

Lakini mzee kwa sifa! "Nikukatie kabisa?" Akambwaga juu ya gogo alilokatia kuku wa kwenye kioo tangu asubuhi. Hata maji hakulimwagia.

"Katakata vizuri, mzee," nikasema. "Vipande vidogo."

Wiki iliyofuata dada wa maabara akanionyesha kisahani. Bakteria wameota kama ukungu, juu yao vikaratasi vilivyolowekwa dawa.

"Dawa ikifanya kazi, pembeni panabaki duara tupu," akasema. "Umeona maduara mangapi?"

"Mawili."

"Kati ya dawa nane. Hii sampuli namba kumi na saba ni ya duka gani?"

Nilimwambia kabla hajamaliza kuuliza. Na zile nne za Mama zilikuwemo humo, hazina duara hata moja.

Afisa afya alipokuja kufunga duka nilikuwa nyuma yake. Wateja wamejaa.

"Haiwezekani!" Bwana Asilia akapiga kelele. "Yule kuku nilimchagua mwenyewe!"

"Ahaa," afisa akasema. "Kwa hiyo hawa wa kwenye kioo hukuwachagua?"

Kimya. Nikasogea mbele ili kila mtu anisikie.

"Labda ni mikono michafu, mzee."

Mama bado anatembea kwa kushika ukuta. Kila jioni ananiita nikae karibu, nimsimulie tena mzee alivyonyamaza. Namsimulia, na kila siku namnyamazisha mzee muda mrefu zaidi.