Kitufe cha Kijani

Kaka yangu alinivaa kwenye korido ya wodi hata salamu hakuna. Alitaka nimweleze ilikuwaje Mama aanguke jikoni na mimi ninaishi naye. Nilimkazia macho tu, maana ningefungua mdomo walinzi wangetutoa nje.

Tunamwita Injinia. Anatengeneza programu za simu, anaishi mji mwingine, na Mama alipoanza dawa za presha alimwekea programu yake mwenyewe. Simu inalia asubuhi, Mama anameza kidonge, anabonyeza kitufe cha kijani, na yeye huko aliko anaona kijani. Mama asipobonyeza, Injinia anapiga simu kufoka. Alisema jambo lenyewe ni jepesi, hata mtoto anaweza. Mimi nilikuwa nakagua pakiti ya vidonge kila nikirudi kutoka kazini. Akaniambia niache kumwandama Mama, programu inatosha.

Sasa, daktari alisema dawa imezwe baada ya kula. Mama akiamka hufagia, humwagilia maua, chakula hukikumbuka jua likishapanda. Simu inalia hajatia kitu mdomoni, na kwenye kioo chake hakuna pa kusema hivyo. Kwa hiyo alikuwa anabonyeza kijani ili inyamaze, akijiambia atameza baadaye, kisha anasahau. Nilipohisi hivyo nikampigia Injinia. Alinicheka. Alisema programu haina kosa, mwenye kosa ni mtumiaji. Mama aliyemzaa leo anaitwa mtumiaji.

Hata hivyo aliongeza kitufe cha pili, cha kusema bado. Mama hakukigusa hata siku moja, na Injinia akaamini kwamba amejirekebisha. Nikimwuliza Mama kama amemeza, ananionyesha simu: si kijani hiki?

"Kila siku inaonyesha amemeza," Injinia alinibana pale koridoni. "Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namwuguza Mama. Wewe ulikuwa unaiuguza simu."

Nesi alituangalia vibaya, tukaingia ndani.

Mama alikuwa amelala na dripu mkononi, chai na mkate vimepoa mezani. Hatujakaa, simu yake ikalia chini ya mto. Alifumbua macho, akamwona mwanawe. Mkono uleule wenye dripu ukapapasa chini ya mto, kidole kikaenda kwenye kijani bila hata kutazama.

"Nimeshabonyeza, mwanangu," alisema kwa sauti ya kukwama. "Nikibonyeza kile kingine utakaa na wasiwasi, na kazi zako ni nyingi."

Simu ya Injinia ikatoa mlio wa furaha mfukoni. Akaitoa, akaikodolea macho, mdomo wazi.

"Haya, tusomee," nilimwambia. "Mama anaendeleaje?"

Nikavuta kiti, nikaanza kumkatia Mama mkate.